Kadi ya Kuulizwa Mara Mbili

Radim alivua viatu mlangoni, akavaa ndara za marehemu mwenye nyumba kwa kuwa hakukuwa na nyingine, na kabla hajakaa Mama Libuše alikuwa ameshamwambia kwamba katika nyumba hii hakifutwi kitu.

"Sijaja kufuta, Mama. Nimekuja kuangalia tu."

"Uliandika utafuta. Nimesoma mwenyewe, miwani usoni."

Hakubisha, maana ni kweli aliandika. Kiendeshi kile, yaani programu ndogo ndani ya kiini cha mfumo inayoiwezesha kompyuta kusema na kadi yake ya mtandao, kiliandikwa na Vilém, mume wa Libuše. Vilém alishafariki, na kadi zenyewe hazitengenezwi tena. Radim, aliyerithi kazi ya kukitunza, alitangaza kwamba kitaondolewa, isipokuwa ajitokeze mtu anayekitumia na kithibitike kwamba kinafanya kazi kwenye toleo jipya la mfumo. Dunia nzima alijitokeza mtu mmoja. Alikuwa anakaa hapo hapo mjini Brno, vituo vichache vya tramu kutoka kwake, na alikuwa amekasirika.

Kompyuta ilikaa stoo, kati ya chupa za matango ya siki.

"Mlipendana sana na mzee," Radim alisema akiiwasha, ili tu aseme kitu.

"Nani kakudanganya? Jumapili zangu zote zimo humo ndani. Namwita mezani, yeye yuko na kadi. Mchonga mawe alipouliza achonge kabisa na jina langu kwenye jiwe la kaburi lake, kama wajane wote wanavyofanya, nikamwambia hapana. Akaenda zake. Sasa uje wewe uzifute Jumapili zangu kwa kidole kimoja? Thubutu!"

Akamletea kahawa na keki ya plamu, kwa hasira ile ile.

Radim akaweka toleo jipya. Kadi ikaonekana, taa yake ya kijani ikawaka, lakini mfumo ukashikilia kwamba waya haujachomekwa. Akabadilisha waya. Haujachomekwa. Akahamia tundu jingine. Haujachomekwa. Mama Libuše akainama, akautazama, akasema umechomekwa, hata paka anaona.

Toleo la zamani halikuwa na ubishi huo. Basi Radim akafanya wanavyofanya wenzake wote: akajaribu toleo la katikati, akatupa nusu ya mabadiliko isiyo na kasoro, akaigawa tena iliyobaki, mpaka mikononi mwake likabaki badiliko moja tu. Akalisoma. Uso ukamwiva.

"Mwenye makosa kapatikana?" Mama akauliza.

"Ni mimi."

Vilém aliandika kadi iulizwe hali ya waya, na mstari unaofuata iulizwe hilo hilo tena, bila neno la maelezo. Radim aliona ni uzembe wa mzee, akafuta mstari mmoja, akajisifu kwamba amesafisha. Kumbe kadi ile ukiiuliza mara ya kwanza hukupa habari iliyopitwa na wakati. Ukirudia ndipo hukwambia ya sasa.

Mama Libuše hakushangaa hata kidogo.

"Kama mwenyewe tu. Ukimuuliza una njaa, hana. Muulize tena, anamaliza sufuria."

Radim akaurudisha mstari. Mtandao ukaja. Kiendeshi hakifutwi, akasema, na aliona aibu kwa jinsi alivyofurahi. Ila taratibu zinataka jina la mtu ambaye kompyuta yake imefanyiwa jaribio liandikwe chini ya marekebisho. Litakaa humo siku zote, pamoja na la Vilém.

"Nikuandike, Mama?"

"Hapana."

Radim alinyoosha mkono aifunge kompyuta, akasita.

"Mama. Nikuandike?"

Mama Libuše akapangusa kifuniko cha chupa ambacho hakikuwa na vumbi.

"Andika," alisema. Kisha, baada ya kukipangusa tena, "Yule mchonga mawe aliuliza mara moja tu."