Mwewe wa Pazia la Enid

Asubuhi ya kwanza ya msimu wa kuwinda kwale, nilipanda nyika ya Harkerdale nikiwa mwewe. Mabawa yangu yalikuwa pazia la kahawia la sebuleni kwa Enid Sugden, katibu wetu, na mdomo ulikuwa boksi la viatu lililopakwa rangi. Wenzangu wa Kamati ya Kulinda Mwewe walikuwa kule chini kwenye maegesho ya magari, wakiimba na kusubiri waandishi wa habari. Mimi nilikuwa na haraka nyingine.

Juzi yake nilikuwa nimeona kinda la mwewe katika bonde dogo, karibu na vizimba vya mawe wanamojificha wenye bunduki. Lilikuwa limechelewa kuanguliwa na bado lilikuwa halijui kuruka sawasawa. Mwewe hula kwale, na katika nyika ile mwewe hupotea. Sheria inawalinda, ila hakuna anayeona wanavyopotea. Wakurupushaji, wale wanaowafukuza kwale kutoka majanini, wakipita bondeni wangelikuta, na kufikia Jumapili kinda lile lingekuwa halijawahi kuwepo.

Nilikusudia kwenda kukaa bondeni niwazuie. Ukungu ukashuka. Ulipoinuka, nilikuwa nimesimama kwenye mstari wa wakurupushaji wenyewe, kila mtu na bendera yake nyeupe ya kuwatisha kwale waruke kuelekea kwenye bunduki.

Wilf Raistrick, mlinzi wa nyika, alinitazama kuanzia mdomoni hadi viatuni.

"Umechelewa, babu."

"Mimi ni mwewe, Wilf."

"Hapa hakuna mwewe. Bosi kashasema. Shika bendera ya Barry, anaharisha."

Nikaishika. Alinipanga mwisho wa mstari, upande wa bondeni, na hapo nikaona bahati yangu. Mkurupushaji hatazami anakokwenda. Anachunga tu umbali wake na jirani. Nikajivuta kidogo kidogo kuelekea juu, na mstari mzima ukajivuta nami. Bonde likabaki nyuma.

Tatizo likawa kwale. Walipoona mwewe mkubwa kama kabati, walilala chini na kukataa kuruka. Tuliwapita kwa kuwaruka. Tulifika vizimbani bila hata risasi moja kulia.

Sir Lionel Thackwray, mwenye nyika, alikuwa mwekundu hadi masikioni. Wageni wake walitazama mawingu, maana katika watu wa aina ile mtu haulizi habari za kiumbe ambaye hajatambulishwa kwake. Ila mmoja wao, Daphne Illingworth, hakimu mstaafu, alinimiminia chai.

"Sukari?"

"Kijiko kimoja, mama. Asante."

"Lionel, kwale wako wamegoma?"

"Ni upepo tu."

"Si huyu mwewe?"

"Mwewe gani, Daphne? Nyika yangu haina mwewe."

"Wilf, wewe unamwona?"

"Namwona mkurupushaji, mama," alisema Wilf. "Kachakaa kidogo."

Ndipo mwewe mwenyewe akatoka bondeni, jike la kahawia lenye mkanda mweupe juu ya mkia. Aliona jike jingine, nene kuliko yeye, limesimama jirani na mtoto wake linakunywa chai. Akanishukia. Pigo la kwanza lilimwaga kikombe, la pili likaondoka na mdomo wangu na kuuangusha kwenye supu ya Sir Lionel. Kinda nalo, kwa kusikia kelele za mama yake, likaja likipepesuka hewani, likatua juu ya ukuta wa kizimba na kuanza kulilia chakula.

Hakuna aliyetikisika. Bunduki zote zilikuwa magotini.

"Na hawa, Lionel?" aliuliza hakimu.

Sir Lionel aliwatazama wageni wake mmoja mmoja. Wote walikuwa wameona.

"Hawa," alisema, kama mtu anayetema mfupa, "ni fahari yetu."

"Vizuri sana. Nitakuwa nakuja kuwajulia hali. Wilf ndiye atakayenijibu."

"Ndiyo, mama," alisema Wilf, kisha akanigeukia. "Umenitafutia kazi, we mzee."

Kwa desturi kila mkurupushaji huondoka na kwale wawili. Siku ile hapakuwa na kwale wa kugawa, na pazia la Enid lilikuwa vipande vipande. Nilipokuwa nateremka nilimsikia Wilf akimfukuza mgeni aliyetaka kupiga picha kwa karibu.

"Rudi nyuma, bwana. Huoni kuna mtoto hapa?"