Mji Uliokuwa Ukirudi Nyuma

Usiku wa jana niliota ninapakia gari kwenda likizo, na maji yakakataa kukaa kwenye buti.

Kwanza nieleze tulivyolala. Tunaishi Adelaide, Australia, mimi, mume wangu Hiza na binti yetu Zamda. Mama yangu, Bi Hidaya binti Jumanne, amekuja kutoka Kondoa kututembelea, na tangu afike hajavuka geti la nyumba yetu. Nikapanga likizo ya familia. Hiza alitaka baharini, maana ni mtu wa Pangani na akiona mchanga usio na maji huhisi ameonewa. Mimi nikachagua Hadley, mji mdogo ndani kabisa ya jangwa. Nilitaka mama aone kwamba huku nako kuna udongo mwekundu na jua kali kama la kwetu, na kwamba mwanawe anajua kuendesha gari humo.

Mama alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza, "Huko tunakwenda kwa nani?"

Nikamwambia hatuendi kwa mtu. Tunakwenda tu.

"Basi nendeni. Mimi mtu mzima siwezi kwenda kusimama kwenye mji wa watu kama mbuzi aliyepotea."

Safari ilikuwa asubuhi. Nililala nimenuna. Mama amebakiza siku chache arudi nyumbani, na Kondoa nzima itamuuliza Australia ikoje, naye atawaeleza uzio wetu.

Basi, hayo maji. Wanaojua jangwa husema kila msafiri awe na maji ya kutosha, na madumu yetu yamelisikia hilo. Yamekaa viti vya nyuma, yamefunga mikanda, na dumu kubwa limekaa mbele limekunja mikono.

"Mume wangu atakaa wapi?" nauliza.

"Yeye ananyweka?" dumu linauliza.

Hiza anapanda juu ya gari bila ubishi na kushika vyuma vya kufungia mizigo. Zamda anapakatwa na dumu dogo. Mama naye yumo, sijui ameingiaje, anatazama mbele kama shahidi aliyeitwa mahakamani. Simuulizi kitu. Mtu akikubali jambo ndotoni, usimkumbushe kwamba alikataa.

Nageuza ufunguo, na barabara ya kwetu inakuwa jangwa. Jirani aliyekuwa akimwagilia maua bado anamwagilia, ila sasa anamwagilia kichuguu. Ananipungia mkono, nami nampungia.

Tukaenda sana. Kisha gari likaguna, likasimama.

"Nimechoka," likasema. "Na msiniache. Sheria ya huku inasema gari likiharibika, mtu asiliache."

"Tukae hapa mpaka lini?"

"Sheria haikusema mkae. Imesema msiniache."

Lilikuwa na hoja. Tukashuka, nalo likaja nyuma yetu likiburuza matairi, likiuliza kila tulipopita kichaka kama tumekaribia. Hiza alibaki juu, kwa sababu hakuna aliyemwambia ashuke.

Mbele yetu Hadley ukaonekana: paa za bati, posta, baa yenye baraza pana, kinu cha upepo cha kuvuta maji kisimani, na tangi la maji lililosimama kwa miguu yake minne. Tukapiga hatua kuufuata. Nyumba zote zikainua sakafu zao, kama wanawake wanaopandisha kanga kuvuka tope, na mji mzima ukarudi nyuma.

Tukapiga hatua nyingine, ukarudi tena.

"Simama," nikauambia.

"Siwezi," mji ukajibu kupitia tangi la maji. Sauti ilikuwa inakwaruza, na kila baada ya maneno machache ulikohoa vumbi. "Mimi ni mji wa mbali. Ndivyo ninavyojulikana nchi nzima. Mkinifikia nitakuwa mji gani?"

Nilianza kuuheshimu. Ninawajua watu wenye kiburi cha namna ile, wengi ni wa ukoo wangu, na hakuna hata mmoja aliyewahi kuomba chumvi kwa jirani.

"Nilisema twende baharini," Hiza akasema kutoka juu ya gari. "Bahari hairudi nyuma."

"Bahari hurudi nyuma kila siku, baba," mama akamjibu. "Niliiona kwenu siku ya harusi yenu. Tulikwenda kula, tuliporudi haipo."

Hiza akashika vyuma vyake sawasawa. Mkwe ni mkwe, hata ndotoni.

Mama akajifunga kanga yake upya, akapiga mguu mpaka pale ambapo ukuta wa nyumba ya kwanza ungekuwa kama ungetulia, akasema, "Hodi."

Mji ukasimama.

"Hodi," akasema tena.

"Hiyo ni nini?" tangi likauliza. "Watu hunipiga picha, hunipigia honi, huniuliza choo kiko wapi. Hiyo sijawahi kuambiwa."

"Mtu akikupigia hodi unamwambia karibu. Akipiga ya tatu ukakaa kimya, anarudi zake, na kinyongo hana. Nimeshapiga mbili."

Kinu cha upepo kikaacha kuzunguka. Nikamshika Zamda mkono, na nilikuwa na hofu ya kweli. Ninamjua mama. Akipiga ya tatu asijibiwe atageuka, ataanza kutembea kuelekea Kondoa, na zile bahari za katikati zitajua zenyewe pa kusogea.

"Kwani mnakuja kwa nani?" mji ukauliza.

Swali lilelile la mama. Nikatazama viatu vyangu. Viatu navyo vikanitazama, vikingoja nijibu mimi.

"Hatuna mtu hapa," mama akasema bila kuficha. "Na wewe, una nani?"

Tangi likakohoa vumbi. "Wenye nchi wapo," likasema, "walikuwapo kabla yangu na nchi yao wanaijua. Lakini mimi mwenyewe, mimi mji, watu walinijenga kwa ajili ya madini. Madini yalipokwisha wakaondoka. Wanaokuja sasa hujaza mafuta na kupita. Mimi sina mtu."

"Basi una mimi," mama akasema. "Hodi."

"Karibu," mji ukasema, na kikohozi kikauachia hapohapo.

Maisha yangu yote nimesikia mgeni njoo mwenyeji apone, nikidhani ni maneno ya kuwafariji wenye nyumba ndogo. Kumbe ni dawa. Mabati yaliyokuwa yamepauka yakarudiwa na rangi, posta ikanyoosha mgongo, na baa ikajikagua ikaona haya, ikaenda kufagia baraza lake.

Mama hakungoja kuonyeshwa jiko. Akakusanya vijiti, akapanga mafiga, akatoa chini ya kanga sufuria yetu kubwa, ile ya shughuli. Sikushangaa. Nilishangaa tu kwamba ameleta na mwiko. Dumu kubwa likaja lenyewe, likainama, likajimimina.

Akachota vumbi jekundu kwa kiganja, akalinusa. "La kwetu kabisa," akasema, akaanza kukoroga. Ukawa uji wa mtama, mzito, wenye moshi kidogo.

Posta ikaja na kikombe. Kinu cha upepo kikaja kikiwa kimejifuta grisi. Baa ikauliza kama kuna kitu kikali zaidi, mama akasema, "Hapa pana uji," nayo ikakaa chini ikasubiri zamu yake. Hiza alikuwa ameshushwa kutoka juu ya gari na sasa anagawa vikombe, mkono wa kulia, kwa adabu zote za kwao. Zamda, ambaye nyumbani nikimpikia uji hulalamika kwamba una rangi, alikuwa anaomba mara ya pili.

Wakati huo nasikia kilio. Ni gari letu, limesahauliwa nje, linapiga honi na kusema sheria imevunjwa. Natoka kulifuata. Ninaporudi nalo, njia imefungwa. Amesimama kangaruu mkubwa, amevaa kofia ya kazi, miwani yake ameiweka mfukoni mwake mwenyewe, ule aliozaliwa nao.

"Unakwenda kwa nani?" ananiuliza.

Nikavuta pumzi. Nimejibu maswali mengi katika nchi hii: unatoka wapi, jina lako linatamkwaje, utakaa muda gani. Sijawahi kuulizwa swali ambalo jibu lake nililitaka kiasi kile.

"Kwa mama yangu," nikasema. "Bi Hidaya binti Jumanne, wa Kondoa. Ni pale penye moshi."

Kangaruu akavua kofia. "Ungesema mapema. Mimi mwenyewe natoka huko sasa hivi. Pita, mwanangu, na umwambie mama sikumaliza salamu, nilikuwa zamu."

Nilijivuna. Na kwa kuwa ilikuwa ndoto nilirefuka kweli, ikabidi niiname nipite chini ya nyaya za umeme. Kutoka juu niliiona barabara yote. Yule jirani na mpira wake wa maji, ndege emu wawili, lori refu lenye matela matatu na vumbi lake lote, wamepanga mstari hadi upeo wa macho. Kila anayefika anasema hodi. Na mji mzima, milango, madirisha na mageti yake yenye kutu, unamjibu karibu.

Katikati yao amekaa mama kwenye kigoda nisichokijua, anawauliza habari za nyumbani mmoja mmoja. Hakuwa mgeni wa mtu tena. Nikasema kwa sauti, ili hata lori lisikie, "Yule ni mama yangu."

Hapo nikaamka.

Kulikuwa kumekucha na jua limeshaingia jikoni. Niliona aibu kidogo kwa jinsi nilivyokuwa bado natabasamu. Nikafungua kabati nitoe sufuria kubwa nichemshe mihogo ya kula njiani, sisi watatu. Sufuria haikuwapo. Kulikuwa na mfuniko wake tu.

Mama alikuwa amekaa mezani. Amevaa viatu, na mkoba uko mapajani.

"Mama, ile sufuria kubwa iko wapi?"

"Si imebaki kule," akasema, kama anavyosema chumvi iko juu ya meza. "Nimewaachia waimalizie. Na mfuniko sikuuchukua, ndiyo maana uji uliingia vumbi. Mwite mumeo tutoke mapema, Mwajabu. Haipendezi wageni wakimaliza kula, na mwenye chombo hajulikani aliko."

Nikaufunga mfuniko kwenye kanga safi, nikaenda kumwamsha Hiza.