Gunia Lenye Joto

Wangila alikuwa mrefu kuliko pikapu yake. Watu walimtania hivyo alipokuwa hai, wakisema akilala nyuma miguu itabaki nje. Alipofariki kwa ugonjwa wa kifua, utani huo ukawa kweli. Seremala alituambia jeneza halitaingia mpaka mlango wa nyuma ushushwe na kufungwa kwa kamba, ulale kama meza.

Pikapu yenyewe ilikuwa Pijo kuukuu. Kwa miaka mingi ilibeba sukuma wiki kutoka shamba letu dogo la Silanga, pale karibu na bwawa, kwenda kuuza Kawangware. Sasa ingempeleka mume wangu kwao, kule Bungoma, azikwe kando ya baba yake. Mimi nilitaka jambo moja tu, niketi karibu naye njia nzima.

Jioni ya kabla ya safari, jua likiwa bado juu, vijana wa ploti tulimopanga walilitengeneza gari. Walishusha mlango, wakafunga matawi mbele na ubavuni, kama ifanywavyo kwetu ili kila atakayekutana na gari ajue limebeba mwili. Jirani yangu Magdaline, aliyeuza makaa, alileta magunia yake, akayakunja na kuyatandika kingo zote za nyuma ili jeneza lisikwaruzwe. Alikuwa ameyafua kwa sabuni. Sijawahi kuona mtu mwingine akifua gunia la makaa.

Asubuhi gari halikuwaka. Betri ilikuwa imekufa kabisa. Tulilisukuma, likanguruma, na mtu mmoja akasema hata Pijo imezoea kuchelewa kama mwenyewe. Tulicheka kidogo, hata mimi. Kule mochari tulingoja sana, injini ikiwa imezimwa, na tulipotoka ikabidi kusukuma tena. Safari hii mwili ulikuwa ndani, na hakuna aliyecheka.

Tulipita kituo cha Kawangware 46, kwenye kanisa ambamo Wangila alikuwa akiimba kwaya tangu tulipokuja Nairobi. Wakamwombea, wakamwimbia. Halafu Wabwire, mdogo wake, ambaye ndiye aliyekuwa dereva, akazungusha ufunguo. Haikutoka hata sauti.

Kwetu watu husema gari la maiti likigoma ni marehemu anayekataa kwenda. Ana neno moyoni, na neno hilo liko kwa mtu wake wa karibu. Siwacheki wanaosema hivyo, nimezaliwa katikati yao. Gari lilikuwa limegoma mara tatu. Nikaona wanawake wakiniangalia halafu wakitazama chini.

Majirani walikuwa wametusikia tukibishana, mimi na Wangila, wakati wa ugonjwa. Yeye alitaka kurudi nyumbani apumzike, mimi nilitaka abaki karibu na hospitali. Hayo yalimfikia Wabwire. Vijana walipoinama kusukuma aliwazuia, akasema inatosha, mwili hausukumwi kama gunia. Kisha akaja kwangu, na hakusema kwa ukali.

"Shemeji, ongea naye. Mwambie yaishe."

Nilikwenda nikaweka mkono juu ya jeneza. Nilimwambia Wangila kwa lugha yetu kwamba nilitaka apone tu, na kwamba sasa anakwenda nyumbani kama alivyotaka. Sikuwa na lingine la kumwambia. Wabwire akajaribu ufunguo tena. Kimya.

Basi akazungumza na wazee pembeni, na waliporudi akaniambia watatafuta gari lingine, nami nitafuata kesho kwa basi pamoja na wanangu. Alisema ni kwa ajili ya amani ya safari. Magdaline alinishika kiuno kwa nyuma, pale ambapo watu hawakuona, nisianguke.

Nyuma ya kanisa palikuwa na gereji ya jua kali, isiyo na paa, na fundi wake aliitwa Muema. Alikuwa akinunua mboga kwetu. Alikuwa amesimama kwenye maombi tangu mwanzo, kofia mkononi. Sasa alimsogelea Wabwire akaomba ruhusa afungue boneti kabla gari lingine halijatafutwa. Wabwire alimwambia hili si jambo la spana.

"Inawezekana," Muema akasema. "Wacha niangalie tu, mzee. Nikishindwa nitasaidia kubeba."

Wabwire akasogea pembeni kidogo, naye Muema akaona hiyo ni ruhusa. Alileta betri nyingine kutoka gereji, akatoa ile yetu. Kabla ya kufunga waya wa pili, alichukua balbu ndogo yenye nyaya mbili, akaigusisha, upande mmoja kwenye betri na upande wa pili kwenye ule waya. Ikawaka. Alitueleza taratibu, kama mtu anayezungumza na wagonjwa, kwamba ufunguo umetolewa, taa zimezimwa, kwa hiyo balbu ile haikupaswa kuwaka. Kuna kitu ndani ya gari kinakula moto wa betri bila kukoma.

Alimpa Magdaline ile balbu aishikilie, na kumwomba aseme ikizimika. Akachomoa fyuzi moja baada ya nyingine. Magdaline akatikisa kichwa kila mara. Akafungua waya wa dinamo. Balbu ikaendelea kuwaka. Muema akajifuta mikono, akauliza kama marehemu aliwahi kuongeza kitu, redio labda, au honi.

Nikamwambia redio hakuna. Iko taa tu ya nyuma. Kule Silanga tulipakia mboga kabla ya mapambazuko, na chini ni tope na mashimo. Niliwahi kuteleza na gunia mgongoni, nikiwa na mimba ya binti yetu Nafula. Baada ya hapo Wangila akaweka taa. Kila alfajiri aliposhusha mlango, mwanga ulinimulika miguuni. Nilidhani anaiwasha mwenyewe, kisha anaizima.

"Anaiwashia wapi, mama?"

Sikujua. Sikuwahi kumwona akiiwasha. Muema alitafuta swichi mbele na hakuipata. Alilala chini ya gari, kwenye matope, na shati lake la maombi, akaufuata waya mweusi uliotoka moja kwa moja kwenye betri mpaka nyuma. Kisha akainuka akaanza kupapasa magunia ya Magdaline, moja moja. Kwenye kona alisimama.

"Hili lina joto," akasema.

Akaniita niliguse. Lilikuwa na joto kama nguo iliyotoka kwenye pasi. Alilikunjua polepole, na chini yake palikuwa na mkebe wa mafuta ya Kimbo uliotobolewa, na ndani yake taa ya Wangila ikiwaka mchana ule. Pembeni, pale mlango unapofungia, palikuwa na kitufe kidogo. Mlango ukifungwa unakibonyeza, taa inazima. Ukishushwa, inawaka. Nasi tulikuwa tumeushusha kwa sababu ya urefu wake, na kuifunika taa kwa heshima.

Muema alikibonyeza kwa kidole gumba.

"Imezima," Magdaline akasema kutoka mbele. Muema akaachilia. "Imewaka tena."

Akarudia mara nyingine ili kila mtu asikie. Kisha akamwambia Wabwire kwa sauti ya chini, "Mzee, ndugu yako hajakataa kwenda. Mlango wake ulikuwa wazi."

Wabwire aliutambua ule mkebe. Ni yeye aliyekuwa ameulamba mafuta ya mwisho alipokuja kututembelea, sote tukamcheka. Hakuniomba radhi, wala sikungoja. Alivua koti lake, koti zuri la safari, akalitandika kando ya jeneza, akanipa mkono nipande.

Muema aliuliza kama aukate ule waya. Nilimwomba asiukate. Akakibana kitufe kwa kipande cha mbao na mpira wa tyubu. Gari likawaka kwa betri yake, naye akatuachia, akasema nitairudisha nikirudi.

Tulifika Bungoma jua likiwa limezama, mvua ikinyesha. Uwanja ulikuwa tope tupu. Wanaume walipoanza kumshusha, wa mbele aliteleza, jeneza likainama. Nikavuta kile kipande cha mbao. Mwanga ukamwagika chini, wakaona pa kukanyaga, wakamtoa polepole mpaka mlangoni kwa mama yake.

Gari lilibaki nyumbani kwa Wabwire, ndivyo wazee walivyoamua. Mimi nilirudi Nairobi kwa basi na betri ya Muema miguuni, imefungwa kwa gunia la Magdaline. Muema alipoipokea alinikalisha, akaniwekea chai.

Kesho yake alfajiri nilikuwa Silanga nikipakia mboga kwenye mkokoteni wa kukodi. Nilibeba gunia la kwanza, nikafika ukingoni mwa shamba, nikasimama gizani. Mwenye mkokoteni aliniuliza ninangoja nini. Nikamwambia hakuna, nikatafuta njia kwa vidole vya miguu.