Mia Nne Thelathini na Moja

Kila karatasi ya shule inayoingia kwa Waafrika wa mtaa wetu hupita mikononi mwangu kwanza. Nilifundisha darasa la nane kule Siaya, Kenya, miaka kumi na mmoja, na ingawa hapa Sydney kazi yangu ni kuwaogesha wazee, bado naitwa Mwalimu. Ukubwa ni jalala, na mimi jalala langu nililipenda.

Ndiyo maana jirani yangu Ninahazwe, Mrundi aliyekulia kambini Tanzania, alinijia wiki iliyopita na barua. Binti yake Darlène alikuwa amepata nafasi katika darasa maalumu la watoto wenye vipaji, kwenye shule ya serikali iliyo treni mbili kutoka kwetu. Shirleen wangu naye aliufanya mtihani huohuo. Yeye aliwekwa kwenye orodha ya akiba, wa kwanza. Hata hivyo nikampongeza mwenzangu.

"Mwalimu, nifanye je?" aliniuliza. "Treni mbili, na miye naingia kazi saa kumi na mbili. Weye ndiye unajua hizi mambo ya mashule."

Nikafungua tovuti inayolinganisha shule za nchi nzima, nikaitafuta shule yetu ya hapa mtaani. Kusoma, darasa la tano: 431.  Kwetu mtihani wa darasa la nane ulikuwa wa alama mia tano. Mtoto aliyepata 431 alibebwa juu juu na kijiji kizima, na huu ulikuwa wastani wa shule!

"Kwa nini umtese mtoto na matreni?" nilimwambia. "Hii shule yetu ni moto. Four thirty-one! Achana na hiyo place, Darlène abaki hapa."

Safu ya pembeni sikuisoma. Mwalimu mzima!

Leo saa tatu asubuhi nilipiga simu kwa niaba yake kuikataa nafasi ile, kwa sababu Kiingereza cha simu humkimbia. Saa nane mchana tukaenda pamoja kwenye ukumbi wa shule yetu. Shule tatu ndogo za serikali za upande wetu zilikuwa zimewaita wazazi, ziwaonyeshe zinavyosimama katika jimbo zima.

Mwalimu mkuu wa shule yetu, mama mrefu asiyependa maneno mengi, aliweka mchoro ukutani. Mstari wa jimbo ulikuwa juu. Mistari ya shule zetu tatu ilikuwa chini yake, na wa kwetu, ulioandikwa 431, ulikuwa wa chini kuliko yote. Akasema kipimo hiki kinakwenda hadi elfu moja, wastani wa jimbo unakaribia mia tano, na sisi tuna safari ndefu.

Elfu moja. Ndiyo safu ya pembeni niliyoiruka.

Ninahazwe aliona namba tu. Akanigusa kwa kiwiko. "Mwalimu, si ile yako? Mia ine thelathini na moja!" Akapiga makofi. Alikuwa peke yake, na watu wakageuka kumtazama, lakini yeye akazidi kupiga, uso umemng'aa. Nami nikanyamaza. Nisijifiche: niliihofia aibu yangu kuliko nilivyomhurumia yeye. Dakika zilienda, mwalimu mkuu akaendelea na hesabu na uandishi, na mimi nikakaa nimeshika mkoba wangu kwa mikono miwili.

Saa tisa kasoro dakika ishirini simu yangu ikatetemeka. Nikatoka nje.

Ilikuwa sauti ileile ya asubuhi, ya mama wa ofisi ya ile shule nyingine, ila yeye hakunitambua. Alisema nafasi moja imeachwa, na wa kwanza kwenye orodha ni Shirleen. Je, tunaichukua? Anafunga orodha saa tisa.

Mungu anisamehe, "ndiyo" ilikuwa imeshafika ulimini. Nani angejua? Niliteleza tu, kila mtu huteleza. Lakini nikauona mtaa mzima ukisema Mwalimu alimdanganya Mrundi wa watu ili mwanawe apite. Halafu nikaona jambo baya zaidi: nikisema ndiyo, watakuwa wamesema kweli.

"Familia iliyoiacha ikibadili nia?" nikauliza.

"Mpaka saa tisa, kama hakuna aliyeichukua, wanaweza kupiga wenyewe."

"Basi sisi hatuichukui," nikasema, nikakata kabla sijajuta. Ilikuwa imebaki robo saa.

Nilimvuta Ninahazwe nje kwa mkono, nikamwambia yote: mia tano zangu za Kenya, elfu moja yao, simu, jina la Shirleen. Alisikiliza mpaka mwisho, ndipo akauliza:

"Ulijua toka saa ngapi?"

"Toka ule mchoro uwekwe."

"Bon, sawa. Na ukaniacha nipige makofi."

 

Akatoa simu yake, akaitafuta ile namba kwenye barua. Nikanyoosha mkono kuipokea, kama siku zote: benki, daktari, ofisi ya nyumba, simu hizo zote mimi ndiye humpigia. Hakunipa. Akanigeuzia mgongo. Akazibonyeza namba mwenyewe, moja moja.

"My name Ninahazwe," alisema kwa sauti kubwa mno, kama anayemwita mtu ng'ambo ya barabara. "My daughter Darlène. This morning we say no. It was mistake. I want the place."   Nikaomba kimoyomoyo. "Yes. I wait." Akaibana simu sikioni. "Yes. Thank you. Yes."

Akairudisha simu mfukoni, akajifuta uso kwa mtandio.

"Wameirudisha," alisema. "Asante, Mama Shirleen."

Miaka minne tunajuana, hajawahi kuniita hivyo; siku zote nilikuwa Mwalimu.

Kengele ya saa tisa ikalia, watoto wakamiminika. Shirleen akanijia mbio, begi likimgonga mgongoni, na swali lake la kila siku tangu matokeo yatoke: "Mum, did they ring?"

"Walipiga," nikamwambia. "Lakini nafasi ilikuwa na mwenyewe."