Aila Agombea Udiwani

Aila Korpela alikuwa na roshani iliyotazama uwanja wa soko, na hapakuwa na mtu mjini Hällbruk aliyetoka dukani bila kuiona. Kwa hiyo mwanawe Jari alipoteuliwa kugombea udiwani kwa tiketi ya Chama cha Wenyeji, kitu cha kwanza alichofanya ni kupanda ngazi na bango begani.

"Mama, naomba nilitundike hapa. Mpaka uchaguzi tu."

Aila alilikunjua. Liliandikwa: WENYEJI KWANZA.

"Roshani hii ni ya mhamiaji," akasema. "Katundike kwako."

"Acha utani. Wewe si mhamiaji."

"Mimi nani basi?"

"Wewe ni mama!"

Aila alicheka mpaka kahawa ikamwagika. Alikuja Sweden kutoka Finland akiwa msichana, kufanya kazi katika kiwanda cha chuma. Jari alizaliwa hapahapa, akafanya kazi kiwandani humo humo mpaka kilipofungwa. Tangu hapo alikuwa na hasira ambayo wengi wetu tuliielewa, maana tulikuwa nayo pia. Wazee walisubiri miezi kupata mhudumu wa nyumbani. Bwawa la kuogelea lilikuwa limefungwa. Na kwenye maghorofa ya upande wa reli walikuwa wamehamia Wasiria na Waeritrea. Chama cha Wenyeji kiliyafunga mambo hayo yote fundo moja, kikaja na pendekezo: asiyetimiza miaka kumi mjini asipewe nyumba ya manispaa wala mhudumu.

Jumamosi Jari alihutubia uwanjani. Anajua kusema, na hakumtukana mtu.

"Baba zetu walilipa kodi maisha yao yote. Leo mama mzee anangoja kuogeshwa, na pesa zinakwenda kwa watu waliofika jana. Hiyo ni haki?"

Makofi yalikuwa bado yanalia Aila alipotokea kwenye umati, kavaa koti lake zuri, anasukuma kigari chake cha kuegemea.

"Huyo mama mzee ni mimi?"

Watu wakaangua kicheko.

"Mama, tutaongea nyumbani."

"Nyumbani hakuna kipaza sauti."

Jari akampa kipaza sauti. Angefanyaje, mbele ya wapiga kura?

"Jari hadanganyi kuhusu kusubiri," Aila akaanza. "Nilipovunjika nyonga nilisubiri mpaka nikachoka. Lakini baada ya kiwanda nilifanya kazi nyumba ya wazee. Madiwani walifunga wodi mbili ili wapunguze kodi, na siku hiyo hapakuwa na Msiria hata mmoja mjini. Taa za wodi hizo nilizizima mimi. Na aliyekuja hatimaye kuniogesha ni Rahel, Mweritrea. Anakatwa kodi kama ninyi. Akiumia mgongo kwa kutunyanyua sisi, mwanangu atamwambia hajatimiza miaka kumi."

"Ninyi wa Finland mlikuja kufanya kazi!" akapaza sauti kijana mmoja. "Kiwanda kiliwangoja!"

"Kilitungoja, ndiyo. Lakini dukani tuliambiwa tumekuja kula vyenu na kuchukua nyumba zenye maji ya moto. Na kweli niliichukua. Ile pale!" Akaonyesha juu.

Safari hii hata waliobeba mabango walicheka. Jari alikuwa mwekundu mpaka masikioni.

"Kama unajua sana, si ugombee wewe!"

"Haya. Nitagombea."

Jari alisema kumkomesha tu. Jumatatu asubuhi Aila alikuwa ofisi ya Chama cha Wafanyakazi, wapinzani wa chama cha Jari, wakampa nafasi ya mwisho kwenye orodha yao ya wagombea kwa heshima ya umri. Walisahau kwamba kwetu mpiga kura anaweza kutia alama kwenye jina analolitaka, na lenye alama nyingi hupanda juu ya orodha. Aila hakusahau. Alizunguka mlango kwa mlango, na siku moja akakutana na Jari anatoka kwa mtu.

"Huyu nimeshamaliza naye," Jari akasema.

"Basi naanza upya," akajibu, akabonyeza kengele.

Chama cha Wenyeji kilishika nafasi ya pili, na Jari akaingia baraza la madiwani. Aila naye aliingia, akiwapita watu wanane waliotajwa juu yake.

Majira ya baridi pendekezo la miaka kumi lilipigiwa kura. Jari alilitetea kwa nguvu zote, likaanguka. Kisha Aila akaleta la kwake: kodi ipande kidogo, wodi moja ifunguliwe tena. Chama cha Wenyeji kilikuwa kimewaagiza watu wake wakatae. Mikono ikainuliwa kuunga mkono, na kwenye safu yao ukapanda mkono mmoja tu, wa Jari. Pendekezo la wodi likapita.

Wenzake walimzunguka koridoni wakimfokea. "Wazee ni wazee," akawajibu, akaenda kuwasha gari.

Aila alipoingia garini, Jari alikuwa amekunja uso.

"Usidhani umenigeuza. Lile la miaka kumi nalirudisha mwakani."

"Lirudishe, nitaliangusha tena," akasema mama yake, akifunga mkanda. "Sasa ongeza joto, miguu inaganda."