Mkwe Chini ya Maji

Video ile haikuwa ndefu hata ya kumaliza kikombe cha chai, lakini ilitosha kuibomoa nyumba ya Faraji. Mtalii mmoja aliirusha mtandaoni. Jirani mmoja wa Chuno, ambaye Mungu kamjalia simu nzuri na kazi chache, akaidaka, na kabla ya adhuhuri mtaa mzima ulikuwa umeshamwona Faraji chini ya bahari, ameshika mkono wa mwanamke wa watu, wamezungukwa na samaki wa kila rangi kana kwamba wako harusini. Husna, mkewe, aliitazama, akairudia, kisha akafunga nguo zake akaenda kwa mama yake Msimbati. Hakutukana wala hakulia, na hilo ndilo lililomtia Faraji baridi.

Kazi ya Faraji ni kuwashusha wageni chini wakaone matumbawe na samaki, na kuwarudisha juu wakiwa hai. Mgeni wa mara ya kwanza lazima ashikwe mkono, maana akipatwa na hofu anaweza kufyatuka kwenda juu na kujipasua mapafu. Ni sheria ya Agnes, mwenye kampuni, naye hana mzaha nayo. Faraji alifunga safari hadi Msimbati kuyaeleza hayo kwa mkwewe, Bi Mwanahawa. Aliyaeleza huku ameinamisha kichwa, akizungumza na miguu ya kiti, kwa sababu kwao mkwe wa kike hatazamwi usoni, hapewi mkono, na ukikutana naye njiani unampisha hata ikibidi uingie kwenye miiba.

"Mwanangu," akasema Bi Mwanahawa, "mie bahari hii imenilea. Pweza nawatoa mapangoni tangu sijaolewa, na hakuna mtu aliyenishika mkono. Leo waniambia huko chini watu wazima hushikana kwa lazima?"

"Ndiyo, mama. Hata bosi wangu atakwambia."

"Bosi wako lazima akutetee, kakuajiri. Nishushe mie, nikaone kwa macho yangu. Ikiwa ni lazima, Husna anarudi kwako siku hiyohiyo. Ikiwa si lazima, kiti hicho usikikalie tena."

Faraji alishukuru mpaka akapitiliza. Alikuwa ameshaondoka na pikipiki yake, anapiga mluzi, ndipo akili ilipomrudia kichwani. Mgeni wa mara ya kwanza safari hii atakuwa nani, na mkono utakaoshikwa ni wa nani? Nusura aingie kwenye mkorosho.

"Umekwisha," Nassoro, nahodha wa boti, alimwambia aliposikia habari hiyo. "Ukimshika umekosa adabu. Usipomshika umekosa mke." Halafu akacheka mpaka akakaa chini.

Bi Mwanahawa alipimwa na daktari, akaonekana ana moyo wa msichana. Agnes akamfundisha kupumua kwa mtungi wa hewa kwenye maji ya kiunoni, akataka na kumshusha mwenyewe, lakini mama akakataa. "Wewe sikukushuku," alisema. Siku ya siku akapanda boti amevaa suti ya mpira, na juu ya suti kajifunga kanga. Agnes akasema kanga hairuhusiwi. Bi Mwanahawa akajibu kwamba basi na yeye haruhusiwi, boti igeuzwe. Kanga ikaruhusiwa. Husna alikaa mbele kabisa, kampa mumewe mgongo, macho yake yakielekea upande wa mdomo wa Ruvuma kama mtu anayesubiri meli.

Kumbe kanga ile ndiyo iliyompa Faraji maarifa. Walipoingia majini aliikamata ncha yake moja, akaizungusha kiganjani, na wakashuka hivyo, yeye mbele na mkwewe nyuma, utadhani anapeleka mbuzi mnadani. Hakumshika na hakumwachia. Alijisifu kimoyomoyo, akasahau kabisa kwamba kiongozi wa wazamiaji anatakiwa amtazame mgeni wake machoni. Yeye alikuwa akiyatazama magoti.

Magoti yalikuwa na furaha. Bi Mwanahawa alikuwa amewajua samaki maisha yake yote, lakini alikuwa amewajua kwenye kapu na kwenye sufuria. Pono, ambaye mama alizoea kumkwangua magamba, alikuwa hapa anatafuna jiwe, kijani na buluu inayong'aa, mwenye shughuli zake, wala hana habari na nazi. Kasa akapita taratibu juu ya vichwa vyao. Mama wa watu akapiga makofi ndani ya maji, makofi yasiyo na sauti, na Faraji akajikuta anafurahi pamoja naye.

Ndipo kanga ikavutwa. Faraji akainua macho kidogo, mpaka usawa wa kifua, akamwona Bi Mwanahawa ameinyanyua ile kanga na kumtikisia kwa nguvu, huku kwa kidole cha mkono mwingine akiuonyesha mkono wa Faraji. Kitambaa, mkono. Kitambaa, mkono. Hakuhitaji mkalimani. Kama kitambaa kinatosha, mkono wa yule mtalii ulikuwa wa nini? Faraji alihisi jasho likimtoka, jambo gumu sana ndani ya maji. Alikuwa amejitengenezea ushahidi wa kumfunga, tena kwa akili zake mwenyewe.

Kabla hajapata la kufanya, Bi Mwanahawa aliona tundu kwenye mwamba. Mlangoni pake palikuwa na maganda ya kaa na chaza, na mwanamke wa Msimbati akiona maganda mlangoni anajua pweza mwenyewe yumo ndani. Hifadhi ya bahari, sheria, usiguse kitu, vyote vikafutika. Alijichomoa kwenye kanga, akaondoka kuelekea kwenye pango. Faraji akabaki na kitambaa mkononi, na kwa kuwa mkwe wake sasa alikuwa na suti ya mpira peke yake iliyombana kila mahali, akafanya kile alicholelewa kufanya. Akafumba macho.

Alipofumbua, mkono wa Bi Mwanahawa ulikuwa umezama tunduni hadi begani. Lakini kando ya tundu palikuwa na pango lingine, na humo alikaa chewa mkubwa kuliko mbuzi, aliyetoka taratibu kuja kuangalia kelele ni za nini. Samaki na mama wakatazamana. Chewa akafungua mdomo.

Faraji hakuona mwanzo wa kilichofuata, kwa sababu miwani yake ilikuwa ya kwanza kuondoka. Alichokihisi ni mikono miwili shingoni, miguu miwili kiunoni, na mtu mzima mzito akitaka kumpanda kichwani ili afike juu upesi. Hapo adabu ikamtoka. Alimkumbatia mkwewe kwa nguvu zote, akamkamata mkono, akaubana kifuani pake asimpoteze, na kwa kupapasa tu, bila kuona kitu, akampandisha polepole sana, akimfinya kiganja kila mara: pumua, pumua, pumua. Aliogopa kwa kweli. Hakumwogopa mkwe, aliogopa asije akamrudishia Husna mama aliyekufa.

Walipotokeza juu, Nassoro alishindwa hata kuwatupia kamba kwa kucheka. Agnes na Husna ndio waliowavuta. Bi Mwanahawa alikaa sakafuni mwa boti, bado amekishika kiganja cha mkwewe, na walipojaribu kumbandua alikataa.

"Husna," alisema alipopata pumzi. "Kule chini ni lazima. Usiposhikwa, utamshika yeyote, hata shetani. Mume wako hana kosa. Tukifika, chukua nguo zako uende kwako."

Boti ikagusa mchanga. Wakateremka kwenye maji ya magotini, na hapo Husna akasimama.

"Mama, ni nani aliyesema naona wivu? Mlisema ninyi." Kisha akamgeukia Faraji. "Ile video niliirudia kwa sababu ya kitu kimoja. Ulimfinya mkono yule mwanamke, ukamwonyesha samaki, ukangoja. Hakumwona, ukamwonyesha tena. Ukangoja mpaka akamwona. Mimi tangu unioe hujawahi kunionyesha kitu."

Nassoro aliacha kucheka. Faraji moyo ulimuuma, maana alijua ni kweli. Kila jioni alirudi Chuno amechoka kuonyesha, akala, akalala.

Akavua mapezi ya miguuni, akayatupa botini. Akamshika Husna mkono, mchana kweupe, mbele ya mkwewe, mwajiri wake na wanawake waliokuwa wakikusanya chaza ufukweni. Akatazama chini kwenye maji, akatafuta, kisha akamfinya kiganja polepole na kunyoosha kidole.

Kilikuwa kiti cha pweza, chekundu, chenye umbo la nyota, kimejilaza mchangani kwa mikono yake mitano. Husna alizaliwa Msimbati. Alikuwa ameviruka vitu hivyo tangu hajaota meno ya pili. Aliinama, akatazama upande mwingine kabisa.

"Sikioni," alisema.

Faraji akamwonyesha tena, akangoja.