Ndoo ya Mama Pacha

Mume wangu alikuwa fundi bomba, na mtaa mzima ulimwita Spana. Hata mimi nilimwita hivyo. Jina lake la kuzaliwa nililitaja nilipokasirika tu, naye akisikia anajua leo kuna jambo. Alikuwa mfupi, mbishi, magoti yamempauka kwa kushinda mitaroni. Ubishi ndio uliomuua. Nasema hivyo kwa hasira, si kwa kumlaumu.

Bomba la mtaa wetu halikuwa likiharibika lenyewe. Lilikatwa na watu wa Mjomba, wenye magari ya maji, ili tupange foleni kwao na kununua kwa bei waitakayo. Alijiita Mjomba, ingawa hakuna aliyewahi kumwona dada yake. Wao wakikata, Spana anaunga. Wakamtumia salamu kwa upole, kisha kwa ukali, kisha wakachoma kibanda chake cha vifaa. Siku hiyo alirudi nyumbani ananuka moshi, mkononi ana spana nyeusi tititi.

"Chuma hakiungui, mke wangu," akasema. "Lete chai."

Kuunga bomba ni kazi ya watu wawili, na mtu wa pili nilikuwa mimi. Yeye alikaa mtaroni, karibu na bomba la watu wote. Mimi nilikaa kwenye koki kuu, nyuma ya ukuta wa shule, mahali ambapo hatuonani. Kwa hiyo tulizungumza kwa kugonga. Akigonga bomba mara moja, nafungua koki. Akigonga mara mbili, maji yamefika na hayavuji, nirudi zangu nyumbani. Mlio ule ulipita kwenye mabomba ya mtaa mzima, hata waliokuwa jikoni waliusikia na kuujua. Watoto waliuigiza kwa vijiko.

Asubuhi ile aligonga mara moja. Nikafungua. Nikasubiri agonge tena, nikasubiri mpaka nikaanza kumsema peke yangu: bila shaka amekutana na mpiga soga mwenzake, amenisahau juani. Mkono wangu ulikuwa bado uko kwenye koki wakati mume wangu anakufa.

Walikuja wawili kwa pikipiki, wakampiga risasi akiwa amepiga magoti, wakaondoka bila haraka. Mchana kweupe, mbele ya foleni nzima ya ndoo. Nilipofika, bomba la watu wote lilikuwa limeachwa wazi, maji yanamwagika, safi kabisa, yanateremka mtaroni alipolala. Kiungo alichokiunga hakikuvuja hata tone. Watu walikuwa wameshatawanyika, na wapo waliojaza kwanza ndipo wakakimbia, maana niliona michirizi ya maji ikielekea milangoni kwao. Hilo sijawasamehe. Ilibaki ndoo moja tu, ya bluu, mpini wake kamba ya kijani. Ndoo ya Mama Pacha, jirani yangu wa ukuta mmoja. Kamba ile nilimfungia mimi mwenyewe mpini wa kwanza ulipokatika.

Mpelelezi aliuliza nyumba kwa nyumba, nami nyuma yake. Wahenga walisema macho hayana pazia, lakini wahenga hawakuishi mtaani kwetu. Mmoja alikuwa ameinama anafunika ndoo. Mwingine jua lilimpiga usoni. Mwingine ndiyo kwanza alikuwa anafika. Mama Pacha yeye hakuwepo kabisa.

"Mimi? Siku ile nilishinda ndani, wanangu walikuwa na homa," alisema, macho yake miguuni kwangu.

Mpelelezi alipanda gari lake akaniambia, "Mama, niletee mtu mmoja tu aliyeona sura zao. Mmoja. Bila hivyo sina kesi."

Ndoo nikaichukua, nikaiweka chini ya meza ya cherehani yangu. Sikumpelekea mpelelezi. Mtu ukimburuza aseme, atasema nusu. Nilitaka aje mwenyewe kuidai, kwa sababu akiidai tu, amekiri kwamba alikuwepo. Hakuja. Akaanza kuchota maji kwa sufuria.

Mazishini watu walijaa, na Mjomba naye akaja na miwani yake myeusi. Alinishika mkono kwa mikono miwili.

"Pole sana, shemeji. Ukihitaji maji, usione haya."

Waliosikia waliangalia viatu vyao. Baada ya hapo watu wakanikwepa. Mteja mmoja alikuja kuchukua kitambaa ambacho sijakikata. "Nimeghairi, dada. Si kwa ubaya." Nikamjibu kwamba kwa ubaya au kwa uzuri, mlango ni ule ule. Jioni nilijuta, maana ndiye mtu pekee niliyezungumza naye wiki ile. Nilikuwa bado napika chakula cha watu wawili. Nilikula changu, nikala na chake, nikaanza kunenepa kwa huzuni. Hilo lingemchekesha sana, na sikuwa na wa kumwambia. Ukutani nilimsikia Mama Pacha akiwakemea pacha wake. Yeye bila shaka alinisikia nikilia.

Halafu bomba likakatwa tena. Magari ya Mjomba yakarudi, foleni ikarudi, na nilipopita nikasikia mtu ananong'ona, "Angekuwepo Spana." Damu ilinichemka. Angekuwepo! Utadhani alisafiri.

Nilichukua spana yake, msumeno na kiungo kimoja kipya. Nikaenda kufunga koki kuu, kisha nikashuka mtaroni mbele ya macho yao yote. Dereva wa gari la maji akatoa simu. Nikakata palipoharibiwa, nikaunga kama nilivyomwona akiunga miaka yote ya ndoa yetu. Nilipomaliza kukaza, mazoea yakanishika, nikagonga mara moja.

Ndipo nikakumbuka kwamba kwenye koki hakuna mtu. Mtu wa kwenye koki ni mimi.

Nikakaa chini kwenye tope, nikaegemeza paji la uso kwenye bomba, nikalia waziwazi. Foleni nzima ilitazama, hakuna aliyesogea. Chuma kilikuwa cha baridi. Kisha kikaanza kutetemeka usoni kwangu, na maji yakaja.

Nikagonga mara mbili.

Alitokea nyuma ya ukuta wa shule, peku, nguo imelowa mpaka magotini. Alipita katikati ya barabara, akampita dereva na simu yake, akaja kusimama juu ya mtaro. Midomo ilikuwa imemkauka.

"Dada," akasema Mama Pacha, kwa sauti iliyofika mwisho wa foleni, "nimefuata ndoo yangu. Ile niliyoiacha hapa siku ile."